UZI: Hisa za kampuni zinazotafuta dawa za akili, niliyojifunza kabla sijatoa hela yangu

Mtu wa Ipagala (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Atakayechoka aweke alama arudi baadaye.

Nipo hapa Dodoma, Ipagala. Wiki tatu zilizopita shemeji yangu aliniunga kwenye kundi la WhatsApp lenye watu zaidi ya 200. Wanachangishana, kwa maneno yao, kununua hisa za kampuni za Marekani na Uingereza zinazotengeneza dawa ya sonona inayotokana na uyoga. Kianzio ni laki tatu, na unaahidiwa asilimia 30 kila mwezi. Hela inatumwa kwa namba ya simu. Niliingiza ile namba nione jina kabla ya kuthibitisha, likaja jina la mtu binafsi. Nikafuta muamala.

Ningeweza kuishia hapo, ila jambo lenyewe linanigusa nyumbani. Mdogo wangu wa kike anaishi na skizofrenia, huu mwaka wa 11. Kila mwezi nampeleka kliniki kuchomwa sindano. Ile dawa imechanganywa na mafuta, ni nzito, nesi anaivuta taratibu kwenye bomba, na mdogo wangu anageuzia uso ukutani kabla hata hajaguswa. Sauti hazimsumbui kama zamani, na kwa hilo namshukuru Mungu na wauguzi. Lakini mikono inatetemeka. Akishika kikombe cha chai unasikia kikigonga kisosi. Siku hizi anamimina nusu kikombe tu, anakishika kwa mikono miwili. Wakampa vidonge vya benzhexol vya kupunguza kutetemeka, navyo vinamkausha mdomo mpaka ulimi unashika anapoongea. Kwa hiyo mtu akiniambia kuna kampuni inatafuta dawa bora kuliko hiyo, kabla sijafikiria faida namuona yeye na kikombe chake.

Ndiyo maana niliamua kusoma. Wiki hizo tatu, watoto wakishalala, nimekuwa nasoma ripoti za kampuni hizi na habari za majaribio yao. Nayaweka hapa niliyoyaelewa.

Kwanza mjue unanunua nini. Kampuni nyingi za aina hii hazina bidhaa dukani. Hazina kiwanda kinachotoa moshi, hazina mteja. Zina swali moja: je, dawa hii inafanya kazi? Jibu linatafutwa kwa majaribio. Awamu ya kwanza wanaangalia usalama kwa watu wachache. Ya pili wanaangalia kama kuna dalili ya kufaa na dozi iwe ipi. Ya tatu wanachukua mamia ya wagonjwa, wengine wanapewa dawa, wengine kidonge kitupu, na hakuna anayeambiwa kapewa kipi. Baada ya hapo makaratasi yanakwenda FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Safari hiyo inaweza kuchukua miaka 10 au zaidi, na muda wote huo kampuni inakula bila kuvuna. Inakula hela ya mwenye hisa. Ikikaribia kuishiwa inatoa hisa mpya sokoni, na fungu lako linakuwa dogo ingawa hujauza hata moja.

Sasa hadithi iliyonikesha. Kuna kampuni ya Boston iliitwa Karuna Therapeutics. Miaka ya 1990 kampuni kubwa ya dawa ya Eli Lilly walikuwa na kemikali iitwayo zanomelini, wakiijaribu kwa wazee wenye Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Wakakuta kitu ambacho hawakukitafuta: wagonjwa waliokuwa wakiona na kusikia visivyokuwepo wanatulia. Kilichowashinda ni tumbo. Kichefuchefu, kutapika, wagonjwa wakaacha dawa. Ikawekwa kabatini. Mwaka 2012 Karuna wakachukua leseni yake kwa malipo ya awali ya dola 100,000 tu. Wazo lao lilikuwa kuiunganisha na trospiamu, dawa ya zamani ya watu wanaobanwa na haja ndogo kila mara. Trospiamu inazuia ile kazi ya zanomelini huku chini mwilini, lakini yenyewe kwa shida sana inapenya kwenye ubongo. Basi moja inafanya kazi kichwani, nyingine inalinda tumbo.

Hisa za Karuna ziliingia Nasdaq, soko la hisa la Marekani, mwaka 2019 kwa dola 16. Novemba mwaka huohuo majibu ya awamu ya pili yakatoka, wagonjwa 182, na ndani ya siku moja hisa ikaruka kutoka chini ya dola 20 hadi zaidi ya dola 90. Desemba 2023 Bristol Myers Squibb wakatangaza kuinunua kampuni nzima kwa dola bilioni 14, sawa na dola 330 kwa hisa. Septemba 2024 FDA wakaipitisha dawa kwa jina Cobenfy. Ni dawa ya kwanza ya skizofrenia baada ya miongo mingi inayopita njia tofauti na hizi zinazoziba dopamini (kemikali ya ubongo), hizi ambazo ndizo zinamtetemesha mdogo wangu.

Mtu akiisikia hiyo peke yake anaweza kuuza kiwanja cha Nzuguni usiku huohuo. Subirini niwape ya jirani yake.

Cerevel walikuwa wanatafuta dawa ya ukoo uleule, inaitwa emraklidini. AbbVie, kampuni kubwa kabisa, wakainunua Cerevel kwa takriban dola bilioni 8.7, wakakamilisha Agosti 2024. Novemba ileile majaribio mawili yakafeli: wagonjwa waliopewa dawa hawakuachana vya kutosha na waliopewa kidonge kitupu. Hisa za AbbVie zikashuka kama asilimia 12 kwa siku. Hawa wana wanasayansi wao, waliona nyaraka za ndani ambazo mimi na wewe hatutaziona, na bado hawakujua jibu. Halafu angalieni hili, maana ndilo lililonifungua macho: aliyekuwa na hisa za Cerevel alishalipwa dola 45 kwa kila hisa kabla dawa haijafeli. Alitajirika na dawa iliyoshindwa. Dawa ina safari yake, hisa ina safari yake.

Tuje kwenye uyoga. Compass Pathways ya London ilianzishwa mwaka 2016 na mtu na mkewe, George Goldsmith na Ekaterina Malievskaia, baada ya mtoto wao kuugua na matibabu ya kawaida kutomsaidia. Hilo nilipolisoma niliwaheshimu. Wanatumia psilosibini, kiini cha ule uyoga, iliyotengenezwa maabara. Waliingia Nasdaq Septemba 2020 kwa dola 17, na kabla mwaka haujaisha hisa ilishapita dola 50. Jaribio lao la watu 233 lilionyesha kwamba dozi moja ya miligramu 25 ilipunguza sonona kwa pointi 6.6 zaidi ya dozi ndogo ya miligramu 1, kwenye kipimo chenye pointi 60. Juni 2025 majibu ya kwanza ya awamu ya tatu yakatoka: tofauti ya pointi 3.6. Kwa takwimu dawa ilishinda. Hisa, ambayo wakati huo ilishakuwa chini ya dola 10, ikaanguka zaidi ya theluthi moja siku hiyohiyo kwa sababu soko lilitarajia pengo kubwa zaidi. Yaani dawa inafaulu na wewe unalia.

MindMed, waliokuwa wakijaribu LSD, dawa ya kulevya inayoleta njozi, kwa ugonjwa wa wasiwasi, Agosti 2022 waligeuza kila hisa 15 kuwa hisa 1 ili bei isionekane ya chini kupita kiasi. Na Lykos waliokuwa na MDMA, nayo dawa ya kulevya, kwa watu waliopata majeraha ya akili vitani au kwa kubakwa: Juni 2024 kamati ya washauri wa FDA ilipiga kura 9 kwa 2 kwamba ushahidi wa kufaa hautoshi, Agosti FDA wakawarudisha, na kampuni ikapunguza karibu robo tatu ya wafanyakazi. Moja ya hoja za kamati inafaa kueleweka. Ukimpa mtu MDMA anajua kabisa amepewa, na aliyepewa kidonge kitupu anajua amekosa. Sasa aliyepona, kaponywa na dawa au na matumaini? Dawa zote za njozi zina mtihani huo, na mpaka leo hakuna aliyeutatua vizuri.

Iliyofanikiwa kibiashara katika jamii hii ni Spravato ya Johnson & Johnson, dawa ya sonona inayopulizwa puani, iliyopitishwa Machi 2019. Mgonjwa anakaa kituoni saa mbili akiangaliwa kabla ya kuruhusiwa. Mwaka 2024 mauzo yake yalivuka dola bilioni 1.

Naomba michango yenu. Hasa wauguzi, na wenye uzoefu wa hisa.

Nesi wa Zamu

Mleta uzi, pole na hongera kwa kumlea mdogo wako. Wagonjwa wengi ninaowaona hawana mtu wa kuwaleta.

Nimefanya kazi na wagonjwa wa akili hapa kanda ya kati miaka mingi. Watu wa Dodoma tunaijua Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, ipo tangu 1927, na wengi bado wanalitaja jina hilo kama tusi. Mimi nataka mjue kitu kimoja. Hizi dawa tunazozilalamikia zilifungua minyororo. Kabla ya klopromazini, ya kwanza kati ya dawa hizi, kuanza kutumika kwa wagonjwa wa akili Ufaransa mwaka 1952, mgonjwa aliyechafukwa alikuwa anafungwa, basi. Sindano ya mwezi inamfanya mtu akae nyumbani kwao, achote maji, aende kanisani au msikitini. Kwa hiyo asije mtu akasoma uzi huu akamwachisha ndugu yake sindano akisubiri dawa ya Marekani. Nimeona familia zikifanya hivyo, na mgonjwa akarudi kwetu baada ya wiki sita akiwa hatambui hata mama yake.

Pili, hizo hadithi za mabilioni zinanipa swali. Nilisoma kwamba Cobenfy ilitangazwa kwa bei ya dola 1,850 kwa mwezi. Mshahara wangu siutaji hapa, lakini mnauelewa. Na hiyo ya uyoga mgonjwa anakaa na mtaalamu chumbani saa sita mpaka nane kwa dozi moja. Sisi daktari mmoja anaona foleni nzima mpaka jua linazama. Dawa hizo zikifaulu kesho asubuhi, huku zitafika lini?

Kuna litiamu. John Cade wa Australia aligundua mwaka 1949 kwamba inatuliza watu ambao hisia zao zinapanda na kushuka kupita kiasi. Ni madini tu, hakuna wa kulikatia hataza (haki ya kuwa mtengenezaji pekee), kwa hiyo hakuna kampuni iliyotajirika nayo, na imeokoa watu wengi sana. Nalitaja kwa sababu ukifuata hela peke yake unaweza usiione dawa nzuri.

Tatu, hii ya mikono. Mleta uzi, mmemwambia daktari kwamba anashindwa kushika kikombe? Si kusema "anatetemeka kidogo". Sema hivyo ulivyoandika hapa, na kikombe chake. Dozi inaweza kupitiwa upya, muda kati ya sindano unaweza kubadilishwa, au dawa yenyewe. Watu wanavumilia miaka kwa kuona aibu kumsumbua daktari.

Mzabibu wa Hombolo

Mbukwenyi wana jukwaa. Mimi mkulima wa zabibu, darasa la saba, lakini uzi huu nimeusoma wote.

Mkuu, ulivyoeleza awamu zile nimezielewa kupitia shamba. Ukipanda mzabibu leo huvuni msimu huu. Unachimba mitaro, unaweka samadi, unasimamisha nguzo na waya, unamwagilia, unakaa mwaka na zaidi bila hata kikapu. Hela inatoka tu. Halafu ukishaanza kuvuna, mara mbili kwa mwaka, ukungu unaweza kuingia wiki moja kabla ya kukata ukaozesha vichala vyote. Na hata vikitoka salama, mnunuzi akisema tangi limejaa, zabibu haziwezi kukusubiri kama mahindi ya Kibaigwa. Mwaka mmoja nimemwaga tani nzima kando ya shamba, inanuka siki mpaka barabarani. Zabibu zilikuwa nzuri kabisa. Soko ndilo lilikataa. Kwa hiyo hiyo ya dawa kufaulu na hisa kuanguka mimi sikushangaa hata kidogo.

Tofauti ninayoiona ni kwamba shamba langu naliona. Nikiona jani lina madoa, napulizia dawa. Wewe hisa yako utapulizia nini?

Swali langu: uyoga huo si dawa ya kulevya? Mtu akinunua hisa hatakamatwa?

Mtu wa Ipagala (mleta uzi)

Mzee wa Hombolo, nimekuelewa kuliko vitabu.

Kuhusu sheria: psilosibini, LSD na MDMA zipo kwenye jedwali kali kabisa la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, na hapa kwetu kuna Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015. Kukutwa nazo ni kosa zito. Kampuni hizi zinafanya majaribio kwa vibali maalumu vya serikali za kwao. Australia, tangu Julai 1, 2023, madaktari bingwa wa akili waliosajiliwa wanaruhusiwa kuandika psilosibini na MDMA kwa wagonjwa maalumu, lakini hiyo ni Australia. Kuwa na hisa ya kampuni hakukupi haki ya kuwa na uyoga, na asitokee mtu akakuuzia "unga wa utafiti" akisema ni sehemu ya uwekezaji. Kwenye lile kundi walishaanza kuonyesha picha za vichupa.

Kipato Polepole

Nakazia alichosema mleta uzi na naongeza ya upande wangu. Nimekuwa kwenye soko la hisa la Dar es Salaam tangu nikiwa mwalimu Mpwapwa, kwa hiyo si mgeni.

Hisa halali ina njia yake. Unafungua akaunti kupitia dalali aliyepewa leseni na CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji, jina lako linaandikwa kwenye daftari la elektroniki, na siku yoyote unaweza kuona una hisa ngapi, hata kwenye simu kupitia programu ya Hisa Kiganjani. Hakuna anayekuahidi asilimia kwa mwezi, kwa sababu hakuna anayejua. Anayekuahidi 30 kwa mwezi anakulipa kwa hela ya aliyeingia baada yako, mpaka siku ambayo haingii mtu.

Za nje ni habari nyingine. Kutoa fedha kwenda kununua dhamana ng'ambo kunaguswa na kanuni za fedha za kigeni za Benki Kuu, na nchi za Afrika Mashariki na SADC zimewekewa utaratibu mwepesi kuliko huko mbali. Nenda benki yako au kwa dalali mwenye leseni, uliza kabla, upewe jibu la maandishi.

Tuseme umeshapita hapo. Ukiifungua ripoti ya robo mwaka ya kampuni ya dawa, usianze na maneno matamu ya mkurugenzi. Tafuta fedha taslimu iliyobaki. Tafuta matumizi ya robo hiyo. Gawanya. Ukipata robo nne, maana yake ndani ya mwaka watatoa hisa mpya, na wewe utapunguzwa. Halafu tafuta tarehe ya majibu ya jaribio. Kama hela inaisha kabla ya majibu, ondoka.

Hataza nayo iangalieni. Eli Lilly walipopoteza kesi ya hataza ya Prozac, dawa yao ya sonona, Agosti 2000, hisa yao ilipungua karibu theluthi kwa siku moja, na hiyo ni kampuni yenye dawa kibao. Yenye dawa moja ingebaki na nini?

Anayetaka kugusa eneo hili bila kulala macho, kampuni kubwa ndizo zina pumzi. Lakini mjue hapo unanunua vitu vingi kwa pamoja. Spravato ni bilioni 1 na ushee kati ya mapato ya karibu dola bilioni 89 ya Johnson & Johnson kwa mwaka 2024. Ikifanya vizuri utaisikia kidogo, ikifeli utaisikia kidogo.

Mimi binafsi hela ya ada ya watoto ipo UTT, kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ule mfuko wa ukwasi. Hela ya kujengea ipo kwenye hatifungani za serikali. Sina hisa hata moja ya kampuni ya dawa isiyo na dawa, na sina mpango.

Sauti ya Mpwapwa

Samahani wakuu, nitasema tofauti. Mnazungumza kama hakuna dhambi humu.

Kampuni ya Roche walitoa Valium, dawa ya kutuliza wasiwasi, mwaka 1963. Mwaka 1978 Wamarekani peke yao walimeza zaidi ya vidonge bilioni 2. Wangapi walishindwa kuacha? Purdue walitoa OxyContin, dawa kali ya maumivu, mwaka 1996 wakawaambia madaktari kwamba hatari ya uraibu ni ndogo. Mwaka 2007 kampuni ikakiri makosa mahakamani, 2020 ikakiri tena. Watu walikufa wengi. Ile ilikuwa kampuni ya familia, lakini hela ni ileile: kadiri mgonjwa anavyorudi dukani, mwenye mali anafurahi. Mimi mtoto wa kaka yangu yupo kwenye methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, anakunywa kila asubuhi mbele ya nesi, namshukuru Mungu yupo hai. Ukiniambia nipate gawio kutokana na kitu kinachochezea akili ya mtu, moyo unakataa.

Mtu wa Ipagala (mleta uzi)

Ndugu, sikupingi. Nimelifikiria hilo sana na sina jibu lililonyooka.

Ninachokiona ni kwamba methadoni inayomweka hai mtoto wa kaka yako nayo inagusa akili. Nayo ilitengenezwa na kampuni, ikajaribiwa, mtu akalipia. Sindano ya mdogo wangu vilevile. Kwa hiyo siwezi kusema hela isiende huko kabisa. Ila ningependa mwenye hela aulize maswali kama yako kabla ya kuuliza bei: mgonjwa anaachaje dawa hii? Walioumia kwenye majaribio walihesabiwa? Kwenye suala la MDMA moja ya malalamiko yalikuwa hayohayo, kwamba baadhi ya madhara hayakuandikwa sawasawa. Mwekezaji anayefumba macho hapo anashiriki.

Mama Wawili Kisasa

Jamani nimesoma nikiwa natetemeka. Mimi nipo kwenye kundi hilo au linalofanana nalo. Nimetuma laki tisa, hela ya mkopo wa kikoba. Mwezi wa kwanza nilipewa 270,000 nikaamini, nikamuunga na mdogo wangu. Jana niliomba kutoa mtaji wangu, wakasema nilipe kwanza "kodi ya FDA" laki mbili ndiyo wafungue. Nifanyeje?

Kipato Polepole

Usilipe hiyo laki mbili. Dada yangu, tafadhali, usilipe. FDA haina kodi kwa mwenye hisa, kazi yake ni kupitisha dawa. Ukituma hiyo wataomba nyingine.

Leo hii piga picha mazungumzo yote, ile namba, jina lililokuja, ujumbe wa kila muamala. Usitoke kwenye kundi kabla hujapiga picha, wakikutoa utakosa ushahidi. Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako uripoti namba hiyo, kisha nenda kituo cha polisi ufungue jalada uulize dawati la makosa ya mtandao. Na mwambie mdogo wako leo, kabla hujala.

Mzabibu wa Hombolo

Mama, pole sana. Usijifungie ndani. Waambie wenzako wa kikoba ukweli mapema, watu wakiambiwa mapema wanakuwa na huruma. Mimi mwaka ule wa zabibu nilinyamaza miezi mitatu, deni likawa kubwa kwa ukimya wangu.

Nesi wa Zamu

Mama Wawili, nimekutumia ujumbe wa pembeni. Usiku ukiwa mrefu nijibu saa yoyote, nipo zamu.

Mtu wa Ipagala (mleta uzi)

Wakuu, narudi baada ya siku nane.

Lile kundi limefungwa juzi usiku. Admin aliwatoa watu wote, namba haipatikani. Shemeji alikuwa ametuma milioni moja na laki mbili. Tumekwenda naye kituoni, jalada limefunguliwa, na tumekuta watu wengine wanne pale wenye picha za namba ileile. Mama Wawili, tafadhali wasiliana na mimi tuunganishe majalada.

Kuhusu hela yangu: sijanunua hisa yoyote ya kampuni hizi. Nimefungua akaunti kwa dalali, nimeanza na kiasi kidogo cha hisa za benki za hapahapa. Hizi za dawa nitaendelea kuzifuatilia kwa daftari, naandika tarehe za majibu na nilichotegemea, halafu naangalia nimekosea wapi. Nikikosea mara tano mfululizo kwenye karatasi, sijapoteza kitu.

Dada Nesi, Jumanne nilimpeleka mdogo wangu kliniki. Nilibeba kikombe na kisosi chake kwenye mfuko. Daktari alipouliza "vipi maendeleo" sikusema chochote, nilikiweka mezani nikamwomba akishike. Daktari akakaa kimya akimwangalia, akafungua faili nyuma kabisa, akaanza kusoma dozi za miaka iliyopita. Amepunguza dozi na amebadilisha muda wa sindano, turudi baada ya wiki mbili tuone. Akaniuliza kwa nini hatukusema mapema. Mdogo wangu ndiye aliyemjibu, akasema alidhani ndivyo inavyotakiwa kuwa.